Vitatange Wawili wa Bwana Nurdin

Mjukuu wangu wa kike aliniingiza kwenye kundi lenu la simu, lile la wafuga samaki wa maji ya chumvi, akidhani nitafurahi. Nimekaa humo wiki mbili. Nimesoma kila kitu, sauti zenu nimezisikiliza, picha nimezikuza mpaka macho yakauma, na sasa nawaandikia kwa sababu nimechoka kutikisa kichwa peke yangu.

Kijana mmoja wa Bunju aliweka picha ya samaki aliyechanika mkia, akauliza: "Wakuu, huu ni ugonjwa gani?" Akajibiwa na watu kumi na saba. Mmoja kasema fangasi, mwingine kasema maji yameharibika, mwingine kamtajia dawa ya unga ya kuagiza nje. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza samaki huyo anaishi na nani. Mwanangu, huo si ugonjwa, huko ni kung'atwa. Mkia umetoka kipande cha nusu duara, na ukitazama vizuri utaona hata upana wa mdomo ulioung'ata. Mng'ataji mwenyewe yumo humo humo kwenye picha, nyuma ya jiwe, wa bluu, amenona, na chini yake umeandika "mrembo wangu".

Mimi nimeangalia matangi ya maji ya chumvi kwenye nyumba za watu karibu miaka thelathini, kuanzia Bagamoyo mpaka Mbweni, na mara moja moja Chalinze. Niliacha magoti yalipogoma kupanda ngazi na madumu. Katika miaka hiyo nimeua samaki wengi, na msidhani nasema hivyo kwa unyenyekevu. Nasema ili mjue kwamba ninayoyaandika yamegharimu roho za viumbe. Nyinyi mnaua wengi zaidi na hamjifunzi kitu, kwa sababu mnasingizia maji.

Maji ni rahisi. Sisi tulikuwa tunayachota wenyewe, bahari ikijaa kabisa, kamwe si wakati inapotoka, kwa maana maji yanayotoka yanabeba tope la mto Ruvu na kila kilichotupwa na mji. Masika tulikwenda mbali zaidi. Siku hizi mna chumvi ya kopo na vipimo vya kila rangi, hongereni. Lakini maji yakiwa safi kama machozi, ukiweka ndani yake viumbe wawili wasiopatana, watagombana katika maji safi.

Tatizo lenu ni kwamba mnanunua samaki kama mnavyochagua mapazia. Huyu wa njano atapendeza na yule wa bluu. Kuna mwenye gesti mmoja Chalinze, Mangi tulimwita, aliyetaka tangi la bahari mahali ambapo bahari yenyewe haionekani, ili madereva wa malori washangae. Sikatai kazi. Nikamjazia tangi, nikamwekea samaki wadogo wapole. Siku moja nafika nakuta amejiongezea kikande, samaki mwenye meno kama koleo, mdogo wa kiganja. Nikamwambia amtoe. Akacheka. "Mzee, huyu mpole kuliko wote. Anakula mkononi." Ni kweli alikuwa anakula mkononi. Kikande mdogo ni mpole kwa sababu bado hajajua nguvu zake. Baada ya miezi saba Mangi alinipigia kuuliza kwa nini samaki wake wanapungua bila maiti kuonekana. Nilipofika nilikuta kikande mmoja, mnene, anapanga mawe kwa mdomo kama mwenye nyumba, na waya wa kipimajoto umekatwa. Mangi akaninyooshea kidole chake cha shahada chenye plasta. Nilimchukua kikande nikampeleka nilikojua kuna nafasi yake, Mangi akabaki na vidagaa viwili na aibu.

Aliyenifundisha kazi hii hakuwahi kumiliki tangi. Alikuwa mchokoa pweza wa Mlingotini, Bi Zaina, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali, aliyezunguka miambani kila maji yanapotoka akiwa na fimbo ya chuma na kanga mbili. Nilimfuata anionyeshe wanakokaa samaki wadogo wa rangi. Siku ya kwanza alininyang'anya wavu. Akaelekeza fimbo kwenye ufa wa mwamba.

"Hapa pa nani?"

Nikasema sijui.

"Sasa unakuja kumtoa mtu kwake, na hata hujui kama ni kwake."

Wiki nzima alinifanya nisimame kwenye maji ya magotini nikitazama mashimo. Nilimchukia. Lakini baada ya wiki ile nilijua kwamba kila samaki wa mwambani ana mlango wake, jirani anayemvumilia na jirani asiyetaka hata kumwona kivuli. Anayemchukia zaidi ni yule anayefanana naye, mwenye umbo lake na chakula chake, maana huyo ndiye anayeweza kumtoa nyumbani. Mkitaka kushika jambo moja tu katika porojo zangu zote, shikeni hilo.

Nilipotengeneza tangi langu la kwanza nilimwita Bi Zaina aje alione. Nilikuwa nimeleta samaki mpya asubuhi hiyo nikammimina humo moja kwa moja, naye alikuwa anakimbizwa kutoka kona hii hadi ile. Nilitegemea pongezi. Bi Zaina alikunja uso.

"Kwenu mgeni anaingizwa chumbani moja kwa moja? Hamna baraza?"

Nikamwambia huyu ni samaki, Bi Zaina.

"Na wenyeji wake ni nani, mbuzi?"

Tangu siku hiyo kila samaki mpya nilimkalisha barazani. Baraza lenyewe ni kikapu cha plastiki chenye matundu, kile cha kuoshea mboga, kimening'inizwa ndani ya tangi kwa kamba. Mgeni anakaa humo siku tano. Wenyeji wanamwona, wanamtishia, wanagonga kikapu, wanachoka. Analishwa mbele yao nao wanalishwa mbele yake. Siku ya sita unahamisha mawe mawili matatu ili kila mtu apoteze mlango wake na aanze upya kutafuta, ndipo unamfungulia mgeni. Nimewaona kwenye kundi mna masanduku ya kioo ya kazi hiyo hiyo, yenye sumaku, na bado mnawamwaga samaki ndani kama mnapakua wali. Sanduku mnahifadhia nyavu.

Basi mtadhani nilikuwa fundi hodari. Nilidhani hivyo pia, na hapo ndipo ninapofika kwa Bwana Nurdin.

Bwana Nurdin alikuwa na duka la vyombo na vitambaa mjini Bagamoyo, duka la ukoo, na familia ilikaa ghorofani juu yake. Sebuleni walikuwa na tangi langu kubwa kuliko yote, na ndani yake kitatange aliyeishi miaka kumi na miwili, mkubwa kama sahani, rangi ya kahawia inayoelekea kijani, mapezi yamezungukwa na bluu. Walimwita Kaka. Mwaka mmoja Bwana Nurdin alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilegea na maneno yakamwisha. Daktari alimwambia mkewe, Bi Shirin, kwamba mkono ule lazima ufanyishwe kazi kila siku, la sivyo utakauka. Akampa mpira wa kuminya, akaukataa. Akapewa kijiko, akakitupa. Hakutaka hata kutoka kitandani, ila kwa jambo moja: kila asubuhi baada ya chai alikubali kuketishwa mbele ya tangi, na kwa mkono ule ule uliolegea, akitetemeka, alikuwa akimnyooshea Kaka ukanda wa mwani juu ya maji. Kaka alikuja. Alikuja kabla hata mwani haujafika. Bi Shirin aliniambia, na alilia akisema, kwamba mumewe amebakiwa na samaki huyo tu wa kumwamsha.

Kwa hiyo nilijua vizuri nimekabidhiwa nini. Hilo msilisahau mkifika mbele.

Binti yao Yasmini, aliyeolewa Dar, alikuja na zawadi kwenye mfuko wa plastiki. Kitatange mdogo wa aina ile ile, ukubwa wa kidole gumba, rangi ya bluu iliyokolea na mistari myeupe iliyopinda kama mwezi mwandamo. "Ili Kaka asiwe mpweke," akasema. Bi Shirin akaniangalia mimi. Nilitakiwa kusema hapana. Badala yake nilitaka kuonekana najua. Nikawaeleza, mikono nyuma, kwamba kitatange mtoto huvaa nguo tofauti na mkubwa makusudi, ili wakubwa wasimhesabu kama mshindani. Kaka atamwona kama mtoto wa mtu na kumwacha apite. Nikamkalisha barazani siku tano, nikahamisha mawe, nikamfungulia. Kaka alimtazama mara moja akaendelea na mwani wake.

Nilikuwa sahihi kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Sikuwaambia, wala mwenyewe sikujikumbusha, kwamba watoto hukua.

Mnajua wenyewe sifa ya kitatange huyu. Anapobadili nguo za utotoni, ile mistari myeupe hukatikakatika, na kwenye mkia hubaki vipande vinavyofanana na herufi za Kiarabu. Wazee wa pwani wamelisimulia hilo zamani. Siku Bi Shirin alipoiona mistari ile mkiani mwa mdogo, habari ilishuka ngazi ikazunguka mtaa mzima. Jirani wa kushoto alisoma neno moja, jirani wa kulia akasoma lingine. Akaitwa maalim wa chuo cha Kurani. Alivaa miwani, akainama, akatazama muda mrefu. "Naona mkia mzuri wa samaki, alhamdulillahi," akasema, akanywa chai yake akaondoka. Nilimwona ndiye mtu pekee mwenye akili aliyeingia sebuleni wiki ile. Kumbe walikuwa wawili.

Mimi sikuwa mmoja wao. Nilikuwa nakuja kila siku, hata siku zisizo zangu, nikisimama mbele ya kioo na kijiti mkononi, nikiwaeleza wageni umri wa samaki na chakula chake, watu wakiniita Fundi hivi, Fundi vile. Mimi niliyejua tangu Mlingotini kwamba samaki humchukia anayefanana naye. Nguo za utotoni zilikuwa zinamvuka yule mdogo mbele ya macho yangu, yaani ile ruhusa yake ya kupita ilikuwa inafutika, nami nilikuwa naionyesha kwa kijiti ili watu waishangae.

Bwana Nurdin alikuwa kwenye kiti chake nyuma yetu. Siku ya kwanza ya wageni aligonga sakafu kwa bakora, mara mbili, kwa mkono wake mzima.

"Anataka chai," akasema Bi Shirin.

Chai ikaja, akaisukuma. Kesho yake akagonga tena, mara nyingi zaidi. Wakasema joto, wakamwashia feni. Akagonga na feni ikizunguka. Jirani mmoja akasema maskini, mzee anachoka na watu. Nikakubaliana naye, nikaendelea kueleza.

Halafu Bwana Nurdin akaacha kugonga. Siku ya tatu baada ya hapo ndipo nilipogundua kwamba kiti ni kitupu. Nilipima maji, yalikuwa mazuri. Nikapima tena. Bi Shirin alitoka chumbani.

"Fundi, Bwana hataki kuamka. Leo siku ya tatu. Ule mkono nikiushika anaurudisha."

Nikamwambia atakuwa amechoka, apumzike. Hivyo ndivyo nilivyomjibu.

"Na huu mwani nifanye nini?" akauliza. "Unaoza kwenye sahani tangu Bwana alipokuwa bado anaamka."

Niliposikia habari ya mwani ndipo akili iliponirudi. Mwani uliobaki maana yake hakuna aliyekuja kuuchukua, tangu kabla mzee hajaacha kuamka. Nilipiga magoti nikatazama, si mkia wenye maandishi, nikatazama tangi. Kaka alikuwa nyuma ya bomba la pampu, kichwa chini, amefifia rangi, anapumua haraka. Pezi la mgongoni lilikuwa limechanika nusu duara, na jicho moja lilikuwa na ukungu. Mdogo, ambaye sasa alikuwa na ukubwa wa kiganja na nguvu za ujana, alipita mbele ya bomba ubavuubavu, mapezi yote juu, akarudi, akapita tena. Alikuwa analinda zamu.

Hayo yote yalionekana kutoka kwenye kiti cha Bwana Nurdin. Alikuwa ameyatazama tangu mwanzo, tukamletea chai.

Nimeona aibu mara nyingi katika maisha yangu, lakini ile bado ninayo. Mtu asiye na ulimi alikuwa amefanya kazi yangu, nami mwenye ulimi nilikuwa nimemzibia kioo.

Nikamwambia Bi Shirin namtoa mdogo sasa hivi. Alishika mlango.

"Huyu mwenye maandishi? Fundi, watu watasema nini? Kama lazima atoke mmoja, mtoe Kaka. Amechakaa hata hivyo, mtazame."

"Bi Shirin," nikamwambia, "Kaka alikuwa nayo maandishi hayo hayo. Yalimtoka mwaka wake wa tatu humu ndani, yakafutika alipokuwa mkubwa. Wote hutokwa nayo, wote hufutika. Hukuyaona?"

Aliuachia mlango. Akaketi kwenye kiti cha mumewe.

"Bwana aliyaona," akasema. "Alikuwa ananiita nipande nije nione. Mimi nilikuwa na wateja."

Akainuka, akaniletea mabeseni.

Samaki wa namna ile hawezi kuvuliwa kwa wavu kati ya mawe, atakuchezesha mpaka jioni. Nilitoa mawe yote, thelathini na kitu, nikayapanga kwenye mabeseni mpaka sebule ikanuka bahari, nikapunguza maji mpaka usawa wa kiganja, ndipo nikamtia kwenye ndoo. Kaka sikumgusa. Samaki aliyepigwa akivuliwa juu ya kipigo hufa kwa hofu. Nilirudisha mawe yake vile vile yalivyokuwa zamani, kila moja mahali pake, kwa kumbukumbu, ili akitoka aukute mlango wake.

Mdogo alikwenda Chalinze kwa Mangi, ambako hapakuwa na kitatange mwingine. Alikaa huko kwa heshima, madereva wakimpiga picha. Mwaka uliofuata Mangi alinipigia simu kwa hasira, ananiambia nimemletea mali feki, maandishi yamefutika. Nikamwambia amuulize samaki.

Lakini Kaka hakutoka. Siku nne, siku sita. Niliweka mwani karibu na bomba, ukakaa. Bwana Nurdin naye chumbani hakutoka, na Bi Shirin aliniambia vidole vya mkono ule vimeanza kujikunja. Nilikuwa nakwenda kila asubuhi, sipimi maji, sigusi kitu. Nilikaa kwenye kona nikitazama bomba kama nilivyosimamishwa Mlingotini kutazama mashimo, na nikijilaumu kwa maneno ambayo Bi Zaina angeyatumia, ambayo hapa siyaandiki.

Siku ya tisa nilichelewa. Bi Shirin alinipigia nikiwa njiani. "Njoo," akasema, akakata. Nilipanda ngazi zile nikijua nakwenda kutoa maiti, hata mfuko nilikuwa nimeushika mkononi.

Bwana Nurdin alikuwa kwenye kiti. Bi Shirin alikuwa amembembeleza mpaka akakubali kuketishwa, mara moja tu, amuage Kaka. Mkono uliolegea ulikuwa ukingoni mwa tangi na ukanda wa mwani umeshikwa kati ya vidole viwili, unatetemeka. Kaka alikuwa nusu njia, nje ya bomba, jicho lake zima likiuangalia mkono. Alisogea kidogo. Akasimama. Niliingia kwa haraka, nikainama mbele ya kioo nilione pezi lake, kama linapona.

Bakora ikagonga sakafu. Mara mbili.

"Anataka chai," Bi Shirin akasema, akageukia jikoni.

"Hapana, Bi Shirin," nikamwambia. "Ananiambia nimemzibia."

Nikasogea ukutani.